Waliozidi Washuke

Kiota kilifunguka bila kuguswa na mkono wa mtu.

Kwanza ganda lake la juu, jeusi na jembamba, lilitanuka kidogo kama kifua kinachovuta pumzi. Kuta za turubai zikajikunjua, madirisha ya wavu yakakazika, ngazi ikateleza mpaka chini. Kisha miguu minne ikachomoza kwenye pembe za gari, ikakanyaga changarawe, ikajipima, ikanyooka. Hema likaachana na paa la gari. Likapanda taratibu, likapita kimo cha mtu, likapita kimo cha tembo, likasimama hewani limetulia tuli kama ndege aliyesinzia kwenye dimbwi. Ndiyo maana miguu ile iliitwa miguu-korongo.

Watu waliokusanyika kwenye uwanja wa duka la Pumzika Juu, pale Uyole, wakapiga makofi. Hata roboti mfagiaji alisimamisha ufagio wake, ingawa yeye alisimama kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imemzibia njia.

Sekela hakupiga makofi. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika fundo la mbeleko kifuani. Alilikaza kama mtu aliyeshika koo la mwenzake.

Alilijua hema lile. Jingine kama hilo lilikuwa limesimama hivyo hivyo, zuri hivyo hivyo, siku walipomkuta dada yake chini yake.

Miaka ile jiji la Mbeya lilikuwa limepanda mlima. Magari ya kamba yalipita juu ya mapaa kutoka Loleza mpaka bondeni, na nyumba mpya zilijengwa na mashine zisizopumzika hata Jumapili. Lakini chini, kwenye tambarare ya Usangu, mambo yalikuwa yameharibika. Mvua zilikuwa hazina adabu tena. Zilikaa kimya msimu mzima, halafu zikaja zote kwa pamoja, usiku, bila kugonga mlango. Kwa hiyo watu waliofanya kazi porini peke yao na magari yao, wapima ardhi, wafuga nyuki, watunza minara, waliacha kulala chini. Walilala kwenye mahema ya juu ya gari. Na wenye nafasi zao wakafuata, wale wanaopenda kwenda likizo peke yao, waamke asubuhi twiga anawachungulia dirishani.

Dada yake, Tusajigwe, alikuwa mtunza minara. Minara ya mvua ni milingoti myembamba iliyosimikwa Usangu nzima. Inanusa unyevu wa hewa, inasikiliza udongo, halafu inaliambia jiji maji yatakuja lini. Ina akili unde ya kutisha, minara hiyo, lakini haiwezi kujifuta kinyesi cha ndege wala kujibadilishia betri. Lazima awepo mtu na gari lake. Mtu huyo alikuwa Tusajigwe, na juu ya pikapu yake kilikaa Kiota.

Masika yaliyopita maji yalikuja. Waokoaji walipofika walilikuta hema limeinuka juu ya maji, kavu mpaka kwenye foronya. Tusajigwe mwenyewe walimkuta chini ya ngazi. Mkono wake ulikuwa umepitishwa kwenye kipago, ukang'ang'ania.

Mtu wa kampuni ya mahema hayo alikuja msibani. Alikaa kwenye kochi la marehemu, akanywa chai ya marehemu, akaeleza kwa upole kwamba hema lilifanya kazi yake sawasawa. Hatari inapokuja, alisema, Kiota huuliza waliomo ndani. Kilijibiwa kwamba ndani hamkuwa na mtu mmoja tu. Miguu-korongo inabeba mtu mmoja tu, kwa hiyo kikasubiri waliozidi washuke, na waliposhuka kikainuka. Alilitamka hivyo hivyo, "waliozidi", kisha akachukua andazi jingine.

Baada ya hapo hakuna aliyeongea kwa sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Wangeongea kwa sauti Sekela angewajibu. Waliongea jikoni, wakikuna nazi. Waliongea kwenye foleni ya magari ya kamba. Kwamba kumbe Tusajigwe huko porini hakuwa mwenyewe. Kwamba alikuwa na bwana, na maji yalipokuja bwana akabaki juu, yeye akashushwa, na maji yalipopungua jamaa akatokomea. Mke wa mtu, jamani. Mama wa mtoto.

Gwamaka, mume wa marehemu, hakuuliza swali hata moja. Kabla tanga halijavunjwa aliitoa picha ya mke wake ukutani. Binti yao, Nitike, aliambiwa asiulize.

Siku hiyo Sekela alimwambia shemeji yake maneno ambayo mtu hawezi kuyameza tena. Tangu hapo walisemeshana kwa sababu ya mtoto tu.

Na sasa yuko hapa, kwenye uwanja wa kampuni ileile, kuchagua hema. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni ya ufundi wa vipimo, akiwa na mimba nusu ya safari na kichanga nusu iliyobaki, na kazi pekee iliyomfungulia mlango ilikuwa kazi ya dada yake. Hakuna mwingine aliyeitaka. Pikapu ilikuwa ileile, ila hema lake lilikuwa limeshaondolewa. Gwamaka alimpa kwa sababu hakutaka kuiona nyumbani, na leo alikuwa ameiendesha mwenyewe mpaka Uyole kwa kuwa Sekela alikuwa na mtoto. Lakini uwanjani hakuingia. Aliegemea boneti pale getini, ameligeuzia duka mgongo.

Muuzaji aliitwa Lwitiko, kijana mwenye maneno mengi na viatu vinavyometa.

"Karibu, dada. Unataka hema la kwenda kupunga upepo au la kwenda kutafuta ugali?"

"La ugali."

"Basi tuanze na haya."

Akamzungusha. Akamwonyesha hema la kitambaa linalofunguka kama kitabu, nusu yake ikining'inia juu ya ngazi kama kibaraza, na chini ya kibaraza unaweza kubandika sufuria yako mvua inanyesha. Akamwonyesha la ganda gumu linaloinuka upande mmoja kama mdomo wa mamba. Sekela aliuliza maswali ya mtu anayejua atakuwa peke yake: lina uzito gani juu ya paa, ngazi yake itasimama kwenye tope, na mwanamke mmoja ataweza kulifunga likiwa limelowa, upepo unavuma, bila mtu wa kumshikia upande wa pili? Lwitiko alijibu vizuri. Alikuwa anaijua kazi yake, na hilo lilimuudhi Sekela zaidi. Angependa awe mjinga.

Mwisho Sekela alisimama mbele ya hema la zamani lililokuwa pembeni, lenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Akauzungusha. Chuma kililia, turubai likapanda, harufu ya nta na vumbi ikamjia puani. Halikumuuliza kitu. Akamwambia Lwitiko kwamba anataka hilo.

Lwitiko akasikitika kweli. Alisema hilo linainuka kimo cha paa tu, maji ya Usangu yatamfuata mpaka kitandani, na waajiri wake hawatampa hata bisibisi akiwa na hema la namna hiyo. Kwa kazi ya minara, lazima hema lenye miguu. Na lenye miguu lilikuwa moja.

"Hakuna jingine?"

"Jingine lipo ndotoni, dada yangu."

Sekela akajilazimisha kuuliza, polepole, hema linajuaje kama lina mtu mmoja au wawili.

Hapo Lwitiko akachangamka. Mizani ilikataliwa, alisema, kwa sababu mtu wa kazi analala na mizigo yake, betri, vyuma, madumu, na mizani haijui dumu wala mtu. Kupima joto kulikataliwa pia, maana mchana wa Usangu ukuta wenyewe una joto kuliko binadamu. Wahandisi wakafikiri sana, wakaona njia ya uhakika ni kuuliza. Mtu anajua ndani wako wangapi. Na linapokea jibu la kwanza tu. Hofu ikishaingia watu wanadanganya, wako wawili wanasema mmoja, miguu inakatika, wanakufa wote. Neno la kwanza, alisema, ndilo halina hofu.

"Na kama neno la kwanza limekosewa?"

Lwitiko alisema wahandisi wamelifikiria hilo. Halafu akaanza habari za godoro.

Sekela alimwacha akiwa bado kwenye godoro, akaenda getini. Akafungua mbeleko, akamzungusha mtoto mbele. Ambwene alikuwa macho, ana mate mpaka kidevuni, anacheka na shati la Gwamaka.

"Nishikie mwanao, shemeji," alisema.

Gwamaka akampokea. Alikuwa na mikono mizuri ya kushika watoto, na hilo nalo lilimkera.

"Unalipanda?"

"Nalipanda. Sina jingine."

Gwamaka alitazama barabarani. "Na huko Usangu utakuwa na nani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kwa mtu mwingine. Sekela alilisikia lilivyonolewa.

"Nitakuwa na hasira zangu," akasema. "Zinanitosha kitandani."

Akarudi. Lwitiko alikuwa ameshakishusha Kiota juu ya paa la gari la maonyesho. Sekela akapanda.

Ndani palikuwa pazuri, na hakuna kitu kilichomuuma kama uzuri huo. Godoro zito, taa ndogo ya rangi ya maziwa, mfuko ukutani wa kuweka miwani au kitabu. Dirishani mlima wote uliingia. Alimwona Tusajigwe hapa, amevua buti, anasugua nyayo zake zilizopasuka, anapiga simu nyumbani kuuliza Nitike amekula nini. Dada yake alikuwa ameipenda sehemu hii. Alimwambia siku moja kwamba huko juu ndiko mahali pekee duniani ambapo hakuna anayemwita kumwomba chumvi.

"Habari za mchana," ilisema sauti. "Karibu Kiota."

Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelelewa na bibi, yenye staha zote. Sekela hakuijibu. Alikuwa ameapa kutoijibu.

Lwitiko akapaza sauti kutoka chini kwamba sasa anawasha jaribio la maji, asishtuke. King'ora cha chini chini kikaanza kulia ndani ya kuta. Sauti ile ikabadilika kidogo. Ikawa karibu zaidi, kama ya jirani anayechungulia mlangoni.

"Maji yanakuja. Upo?"

"Tupo," alisema Sekela.

Lilimtoka tu. Lilimtoka kama linavyomtoka mtu yeyote aliyefunzwa adabu. Nyumbani kwao kusema "nipo" ilikuwa kama kununa, ama kama kujigamba kwamba wewe umejitosheleza. Mtu akikuuliza upo, unasema tupo: mimi na wangu, mimi na aliyelala, mimi na matatizo yangu, mimi na Mungu wangu. Mama yao alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, hana hata paka, na kila simu aliipokea hivyo. Upo, mama? Tupo, mwanangu. Na Tusajigwe ndiye alikuwa amezidi. Jina lenyewe alilopewa lilikuwa na maana ya "tumebarikiwa". Alizaliwa katika wingi, yule. Hata daktari wa meno akimuuliza anajisikiaje, alisema tunaendelea vizuri.

"Nimesikia watu wawili au zaidi," ilisema sauti. "Uwezo wa Kiota ni mtu mmoja. Waliozidi washuke."

Sekela akajiinua kwenye godoro.

"Niko mwenyewe," akasema.

"Nasubiri waliozidi washuke."

"Nimesema ni mimi tu. Hakuna mtu mwingine humu."

"Nasubiri waliozidi washuke."

Sauti haikupanda wala haikushuka. King'ora kiliendelea. Sekela alitazama kona za hema, moja baada ya nyingine, kana kwamba kweli angemwona mtu. Na akajua, kwa mwili wake mzima, kwamba dada yake naye alitazama hivi. Taa hii hii. Maji yanapiga milango ya gari chini. Alijieleza, maana alikuwa mtu wa kujieleza. Aliomba. Alipiga ukuta kwa kiganja. Halafu, kwa kuwa maji yalikuwa yanapanda na hema lilikuwa linasubiri, aliwatafuta hao waliozidi awashushe. Na ndani mle alikuwemo mtu mmoja tu wa kushushwa.

Akavuta zipu kwa nguvu mpaka ikatoka meno.

Chini Lwitiko alikuwa anatabasamu, kitufe mkononi.

"Aa, dada, ulisema 'tupo'? Usiseme hivyo. Sema 'nipo'. Siku hizi wateja wote tunawaambia waseme 'nipo'."

"Siku hizi," alisema Sekela. "Tangu lini?"

Tabasamu likabaki usoni mwa kijana lakini macho yakaondoka. Akabonyeza kitufe, king'ora kikanyamaza.

"Nimekuuliza tangu lini, Lwitiko."

"Tangu baada ya masika."

Sekela akashuka ngazi. Alishuka kwa utulivu, kwa sababu alijua akiharakisha atamkaba. Akamsogelea mpaka akasikia marashi yake. Lwitiko akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Kwamba agizo lilikuja kwa mdomo kutoka makao makuu. Kwamba waliambiwa walitaje huku wanacheka, kama dokezo, wasilitaje kama onyo. Kwamba yeye ni muuzaji tu, haungi nyaya.

"Akili yake ilifundishwa kwa vitabu vya sarufi, dada," alisema. "Kwenye vitabu 'tupo' ni wengi."

Kwenye vitabu, ndiyo. Sekela mwenyewe aliimba hivyo katika masomo ya jioni, mtoto akimpiga mateke tumboni: mimi nipo, sisi tupo. Mwalimu akampa alama ya vema. Akatoka darasani, akakutana na mlinzi getini, akaulizwa upo mama, akasema tupo. Hakuna aliyeona ajabu. Kumbe mahali fulani watu wenye vyeti walikuwa wanaifundisha mashine nusu ya kwanza tu ya jioni ile, ya darasani, wakaiacha ya getini. Wakaipa mamlaka ya kuamua nani ainuliwe. Na walipogundua, hawakwenda kwa Nitike kusema tumekosea. Walikwenda kwa wauzaji wakawaambia wacheke.

Walikuwa wanajua. Wakati watu wanakuna nazi na kumvua nguo dada yake kwa midomo, wao walikuwa wanajua.

Alikwenda getini. Njiani maneno yalimjaa kinywani, yote aliyoyaweka tangu msiba, na kila moja lilikuwa na jina la Gwamaka. Lakini Gwamaka alikuwa ameambiwa maneno mengi mno na watu wengi mno. Akamchukua mtoto mikononi mwake.

"Kapande."

"Nina kazi gani na hema hilo mimi?"

"Kapande, shemeji. Ukishuka sitakuomba kitu tena maishani mwangu."

Labda ni kwa sababu hakupiga kelele. Gwamaka alimtazama, akaingia getini kwa mara ya kwanza. Penye ngazi akavua viatu, akavipanga, visigino pamoja, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akapanda. Watu walikuwa wameanza kusogea. Walihisi kuna jambo. Mfuga nyuki mmoja mnene, aliyekuwa anapima magodoro kwa kuyakalia, akaacha.

"Washa maji," Sekela alimwambia Lwitiko.

"Dada, tafadhali."

"Washa. Na fungua spika za nje. Si ndivyo mnavyofanya mkitaka kutusifia?"

Lwitiko akawasha.

Uwanja mzima ukasikia. "Maji yanakuja. Upo?"

"Tupo," ilijibu sauti ya Gwamaka, nzito, ya mtu wa kanisani. "Tunamshukuru Mungu."

"Nimesikia watu wawili au zaidi. Uwezo wa Kiota ni mtu mmoja. Waliozidi washuke."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Sekela alimbembeleza Ambwene, hakuondoa macho kwenye turubai.

"Niko peke yangu humu," alisema Gwamaka.

"Nasubiri waliozidi washuke."

"Niko peke yangu."

"Nasubiri waliozidi washuke."

Muda ulipita, king'ora kikilia, na hakuna aliyemwita. Kisha unyayo wake ukatoka mlangoni, ukatafuta kipago. Alishuka kama mzee. Kila kipago alikishika kwa mkono mzima, akakaa nacho kidogo, kabla ya kukiachia. Alipokanyaga changarawe, sauti ikasema, kwa furaha ileile ya adabu:

"Ahsante kwa ushirikiano. Sasa uko salama."

Na Kiota kikainuka.

Miguu-korongo ikanyooka, hema likaachana na paa la gari, likapanda, tupu, mlango wake uliokatika zipu ukipepea. Likapita kimo cha mtu. Likapita kimo cha tembo. Likasimama hewani, kavu, limetulia tuli. Watu wa nyuma kabisa, ambao hawakuwa wamefuatilia, wakapiga makofi.

Gwamaka alisimama chini yake, peku, mkono mmoja bado umekunjwa kama unaoshika ngazi.

Sekela alikuwa amengoja siku hii. Alikuwa ameiwaza akiwa anafua nepi, akiwa anasubiri basi la kurudi darasani: siku atakayomwona huyu mwanaume amejua, na yeye amwambie kila kitu usoni. Sasa alimtazama, na hasira haikuisha. Ilikuwepo yote. Ila ilikuwa imegeuka, kama ng'ombe aliyekuwa anakujia wewe, akageuka kumtazama mwenye fimbo.

"Niitie mkubwa wako," alimwambia Lwitiko.

Mkubwa akatokea kwenye skrini ya ukutani, bwana mwenye tai. Aliarifiwa, akasikitika, akasema kampuni itabandika maandishi makubwa ndani ya kila hema: SEMA NIPO. Aliahidi rangi nyekundu. Sekela alimsikiliza mpaka mwisho, maana alitaka awe na hakika.

"Msitufundishe sisi kuongea," akasema. "Lifundisheni hilo kusikia. Na kabla ya hilo, utasema hapa, mbele ya hawa, kwamba Tusajigwe alikuwa peke yake."

Bwana akasema jambo kama hilo linahitaji kikao.

"Kaeni," alisema Sekela. "Sisi tunakusubiri."

Mfuga nyuki alikuwa ameshavua kofia. "Lishushe hilo," alimwambia Lwitiko. "Na mimi nataka kuulizwa." Nyuma yake akasimama mama mmoja mpima ardhi, na nyuma ya huyo vijana waliokuja kutafuta hema la likizo. Lwitiko alitazama skrini, akatazama kitufe, akatazama viatu vya Gwamaka vilivyopangwa chini ya ngazi. Akalishusha. Mfuga nyuki akapanda, gari likilalamika, akaulizwa kama yupo. Naye akajibu kama mama yake alivyomlea. Hema likamwambia ashuke, na aliposhuka likapaa bila yeye. Likashushwa tena. Mama mpima ardhi akashika ngazi.

Bwana mwenye tai alikuwa amegeuka pembeni, anaongea na mtu, haraka haraka.

Lwitiko akamsogelea Sekela, akauliza kwa kijisauti kama basi atachukua lile la kuzungusha kwa mkono.

"Nitachukua hili hili," alisema Sekela. "Siku nitakaposema tupo likaniinua." Akamfunga Ambwene mgongoni, akamtikisa. "Sina haraka. Minara inasema mvua bado."

Ndipo simu ya Gwamaka ikalia kwenye kola ya shati. Aliigusa bila kufikiri. Sauti ya Nitike ikatoka, nyembamba, imejaa vumbi la shule.

"Shikamoo baba. Upo?"

Gwamaka akafungua mdomo. Akatazama juu, hema likipaa tena tupu. Akamtazama Sekela, na mtoto, na foleni ya watu.

"Marahaba. Tupo, mwanangu," akasema. "Nisikilize. Ingia chumbani kwangu. Chini ya kitanda, upande wa dirishani, kuna picha ya mama yako. Itoe. Ifute vumbi. Irudishe pale pale ilipokuwa."

Upande wa pili ukasikika mlango ukifunguliwa.

"Kwani mama amesamehewa?" aliuliza Nitike.

Sekela aliona uso wa shemeji yake unavunjika, na hakugeuka pembeni kumstahi. Alitaka auone mpaka mwisho.

"Mama yako hakukosa kitu," alisema Gwamaka. "Aliitikia salamu."